Somo la TEHAMA: Sauti Inayokwaruza Baada ya Kompyuta Kuhamishiwa Mfumo Mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi ulikuwa ndani ya kompyuta nyingi za ofisi, shule, maduka ya steshenari na nyumba za wananchi. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakitolewa bure kila mwezi, na ndiyo sababu wenye kompyuta wengi wamezihamishia kwenye Windows 11, ama wao wenyewe ama kwa mkono wa fundi. Katika uhamisho huo nyaraka kwa kawaida hubaki mahali pake, picha hufunguka, na printa mara nyingi huitika. Sauti ndiyo hubaki na kasoro ambayo watu hawajui waanzie wapi kuitengeneza.

Kasoro yenyewe huja kwa sura nyingi. Wimbo unakwaruza kama redio isiyokamata stesheni. Mkutano wa video unaendelea, picha ni safi, lakini maneno ya msemaji yanakatikakatika. Spika zimekaa kimya kabisa ingawa alama ya sauti inaonesha kwamba zimewashwa. Kwa mtu anayetazama filamu jioni, hiyo ni kero ya kupita. Kwa katibu anayerekodi majadiliano ya Kamati ya Maendeleo ya Kata ili baadaye aandike muhtasari, ni kumbukumbu iliyopotea. Kwa kwaya iliyolipia saa za studio, ni fedha iliyokwenda bure. Na kwa mtu asiyeona, ambaye kompyuta humsomea kwa sauti kila kilichomo kwenye skrini, kompyuta bubu haina tofauti na kompyuta isiyowaka.

Safari ya sauti ndani ya kompyuta

Sauti iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba. Katika diski za CD wimbi la sauti limepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde; katika video kipimo cha kawaida ni mara 48,000. Ili spika itoe kile kilichorekodiwa, namba hizo hazina budi kufika kwenye kadi ya sauti kwa mwendo uleule, bila kupungua na bila kuchelewa. Kadi haisubiri. Ikifika zamu ya namba fulani na namba haipo, spika hutoa mlio mfupi wa kupasuka, au hunyamaza kitambo, au hurudiarudia kipande kilekile kama mtu mwenye kigugumizi.

Tatizo ni kwamba kichakataji cha kompyuta hakishughulikii sauti peke yake. Wakati huohuo kinachora skrini, kinasoma diski, kinapokea data za intaneti na kukagua virusi. Hivyo sauti haiwezi kupelekwa namba mojamoja. Hupelekwa kwa mafungu na kuwekwa kwanza kwenye hifadhi ndogo inayoitwa bafa. Mkazi wa kata yenye mgao wa maji anaifahamu bafa vizuri kuliko anavyodhani, kwa kuwa simtank lililo juu ya mnara nyumbani kwake hufanya kazi hiyohiyo. Maji ya bomba huingia kwa vipindi, lakini koki iliyo chini hutoa mfululizo, maadamu tangi halijakauka. Likikauka, koki hukohoa hewa. Mkwaruzo unaosikika kwenye spika ni koki hiyo ikikohoa.

Tofauti ni ukubwa wa tangi. Tangi la nyumbani hutosha siku kadhaa. Windows kwa kawaida huhudumia sauti kwa mafungu ya milisekunde 10, yaani vipimo 480 tu pale sauti inapokwenda kwa vipimo 48,000 kwa sekunde. Mtu angeweza kuuliza kwa nini bafa isifanywe kubwa ili tatizo liishe. Jibu ni kwamba bafa kubwa huleta uchelewaji: mpiga kinanda angebonyeza na kusikia sauti baadaye, na waliomo kwenye mkutano wa video wangekuwa wanakatizana maneno bila kukusudia. Watengenezaji wa mifumo huchagua kipimo cha kati, na kipimo hicho huvumilia ucheleweshaji mdogo tu.

Kutokana na hali hiyo, kompyuta inaweza kuandika barua, kufungua majedwali na kuchapa bila dosari yoyote inayoonekana, ilhali wimbo unakwaruza. Kompyuta ikisita kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, jicho halitambui. Sikio hutambua papo hapo. Fundi anayesema "mashine yako ni nzima, ni spika tu" huenda hajaisikiliza kwa makini.

Kati ya mfumo endeshi na kadi ya sauti husimama programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Kazi yake ni kutafsiri amri za mfumo kwa lugha inayoeleweka na kifaa. Kompyuta nyingi za mpakato zina kifaa cha sauti kilichotengenezwa na kampuni ya Realtek ya Taiwan, na kiendeshi chake hurekebishwa na kampuni iliyounda kompyuta ili kilingane na spika na maikrofoni za mashine hiyo. Kompyuta mbili zenye kifaa kilekile cha Realtek zinaweza basi kuhitaji viendeshi vinavyotofautiana.

Kinachobadilika mfumo unapopandishwa

Mfumo unapopandishwa toleo, viendeshi hupatwa na moja ya mambo mawili. Ama kiendeshi cha zamani kinabebwa kama kilivyo na kuwekwa ndani ya mfumo ambao hakikuandikiwa. Ama kinaondolewa na mahali pake pakawekwa kiendeshi cha jumla cha Microsoft, ambacho hutoa sauti lakini hakijui mambo mahsusi ya mashine husika. Katika hali ya kwanza ndipo mikwaruzo na mikwamo hutokea. Katika hali ya pili sauti huwa safi lakini hafifu, isiyo na besi, au maikrofoni ya ndani hukosekana.

Mifano ya kweli ipo, na inafaa kutazamwa kwa sababu inaonesha jinsi kosa linavyoweza kuwa mbali na spika. Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Muda mfupi baadaye ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta zenye vichakataji vya Intel Core vya kizazi cha 11 zilikuwa zikianguka na kuonesha skrini ya bluu, na chanzo kilikuwa kiendeshi cha sauti cha Intel Smart Sound Technology, matoleo 10.29.0.5152 na 10.30.0.5152. Microsoft ilizuia kompyuta hizo zisipewe mfumo mpya hadi kiendeshi kibadilishwe. Toleo lililoponya ni lile ambalo sehemu ya mwisho ya namba yake ni 5714 au zaidi. Hapo pana mtego kwa asiyesoma kwa utulivu: 10.30 inaonekana mpya kuliko 10.29, lakini kilichotenganisha kiendeshi kizima na kibovu kilikuwa tarakimu za mwisho.

Mfano wa pili hauhusu kiendeshi cha sauti hata kidogo. Windows 11 inadai kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani sehemu ya kuhifadhi funguo za siri. Katika kompyuta nyingi zenye vichakataji vya AMD sehemu hiyo si kifaa kinachojitegemea, bali ni programu iliyo ndani ya kichakataji, nayo huhifadhi taarifa zake kwenye kumbukumbu ndogo ya ubao mama. Watu waliiwasha ili wakubaliwe kuhamia Windows 11. Kisha kompyuta zao zikaanza kusita mara chache kwa siku, sauti ikigugumia kwa sekunde moja au mbili na kurudi sawa. Machi 2022 AMD ilikiri kwamba mawasiliano kati ya sehemu hiyo na kumbukumbu ya ubao mama yalikuwa yakichukua muda mrefu kupita kiasi, na kwamba dawa ni kusasisha BIOS ya ubao mama kwa matoleo yaliyoanza kupatikana Mei 2022. Mwenye kompyuta ya namna hiyo angeweza kununua spika mpya, kadi mpya na nyaya mpya, na kigugumizi kingebaki palepale.

Desemba 2024, kwa toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, kompyuta zilizokuwa na programu ya kuboresha sauti ya Dirac zilijikuta hazitambui spika za ndani, hedifoni wala vifaa vya Bluetooth, na Microsoft ikasimamisha tena upandishaji kwa mashine hizo. Mwezi uliofuata, Januari 2025, sasisho la kawaida la usalama liliwanyima sauti watu waliotumia vifaa vya nje vya sauti vya USB vinavyotegemea kiendeshi cha aina ya zamani ya USB Audio 1.0. Walioathirika walikuwa kwenye Windows 10 pia. Kwa hiyo si uhamisho mkubwa tu unaoleta kasoro. Hata sasisho la mwezi linaweza.

Katika mifano hii kuna jambo ambalo wakazi wengi hulipuuza. Mara mbili Microsoft yenyewe ilizuia kompyuta fulani zisipewe mfumo mpya. Mtumiaji anayeambiwa kwamba kompyuta yake "bado haiko tayari" huona anacheleweshwa, akamwita fundi amlazimishie kwa flashi. Pengine zuio hilo limewekwa kwa sababu ya kiendeshi cha sauti kilichomo ndani ya mashine hiyohiyo, na kulilazimisha ni kuifuata kasoro iliyokwisha kutangazwa.

Wala shida hii haikuanza na Windows 11. Windows Vista ilipofika madukani tarehe 30 Januari 2007, Microsoft ilikuwa imeuandika upya mfumo mzima wa sauti, na viendeshi vya zamani vikawa kama wageni katika nyumba iliyobadilishwa milango. Upande wa Linux, Ubuntu ya Aprili 2008 ilileta PulseAudio, na watumiaji wake walisikia mikwaruzo kwa muda mrefu kabla viendeshi havijazoea mpangilio mpya. Fedora ilihamia PipeWire mwaka 2021 na Ubuntu ikafuata mwaka 2022, safari hii kwa utulivu zaidi. Hivyo anayehama Windows ili akimbie shida ya sauti asidhani anaiacha nyuma.

Kusikiliza kosa kabla ya kulitengeneza

Daktari haandiki dawa kabla ya kusikiliza. Mtumiaji naye akikaa dakika kumi akisikiliza kosa kwa makini, ataepuka nusu ya kazi.

Ikiwa spika ni kimya kabisa, jambo la kwanza kushukiwa si kuharibika, bali ni kuelekezwa kwingine. Kompyuta iliyounganishwa na skrini au projekta kwa waya wa HDMI huweza, baada ya kupandishwa mfumo, kuichagua skrini hiyo kuwa mahali pa kupelekea sauti, hata kama skrini haina spika. Mtumiaji abonyeze alama ya spika iliyo pembeni chini kwenye skrini, afungue orodha ya vifaa na kuchagua kile anachokitaka. Katika matoleo ya karibuni ya Windows 11, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl na V hufungua orodha hiyo moja kwa moja.

Ikiwa sauti ipo lakini inakwaruza, swali la kufuata ni: wakati gani? Mkwaruzo unaosikika katika video za intaneti tu, lakini si katika wimbo uliohifadhiwa kwenye diski, huenda ni upungufu wa mtandao, na hapo mfumo mpya unasingiziwa. Mkwaruzo unaokuja kila kompyuta inapopokea data kwa Wi-Fi, na kutoweka Wi-Fi ikizimwa, unaashiria kiendeshi cha Wi-Fi kinachomshikilia kichakataji kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Jaribio hili ni la bure na huchukua dakika mbili, nalo lifanywe kabla ya mengine yote. Mkwaruzo unaokuja pale tu waya wa chaji unapochomolewa unaashiria mpangilio wa kubana umeme wa betri, ambao hupunguza kasi ya kichakataji.

Ikiwa sauti ya hedifoni za Bluetooth ni nzuri kwenye muziki lakini inakuwa nyembamba kama ya simu ya mezani mara mkutano unapoanza, hakuna kilichoharibika. Katika Bluetooth ya kawaida, njia inayobeba muziki haina nafasi ya maikrofoni. Programu ya mkutano inapoiomba maikrofoni, hedifoni huhamia kwenye njia ya simu, yenye vipimo 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Anayehitaji usikivu mzuri katika kikao atumie maikrofoni ya kompyuta yenyewe na kuziachia hedifoni kazi ya kusikiliza tu, au atumie hedifoni za waya.

Ikiwa mwenye kompyuta anasikia wenzake vizuri lakini wao hawamsikii, atazame kwanza mipangilio ya faragha. Windows ina mahali pa kuruhusu au kuzuia programu zisitumie maikrofoni, na ruhusa hiyo inaweza kuwa imezimwa baada ya mfumo kupandishwa.

Hatua za matengenezo

Ikishajulikana kwamba kosa liko ndani ya mfumo, kuna mpangilio unaofaa kufuatwa, kuanzia jambo jepesi linaloweza kurudishwa hadi zito. Kompyuta izimwe na kuwashwa upya, si kulazwa. Kisha mtumiaji afungue mipangilio ya sauti, achague spika anazotumia, na kuzima sehemu iliyoandikwa "Audio enhancements". Hizo ni programu zinazopamba sauti kwa kuongeza besi au mwangwi, na kila pambo ni kazi ya ziada inayopaswa kukamilika ndani ya zile milisekunde 10. Programu iliyoandikiwa mfumo wa zamani ndiyo huchelewesha zaidi. Katika ukurasa huohuo kuna uchaguzi wa kipimo cha sauti. Kompyuta iliyowekwa kwenye vipimo 192,000 kwa sekunde haimpi msikilizaji wa kawaida faida yoyote anayoweza kuisikia. Irudishwe kwenye 48,000.

Mambo hayo yasipotosha, ndipo kiendeshi kishughulikiwe. Mahali salama pa kukipata ni tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, au sehemu ya masasisho ya hiari iliyo ndani ya Windows Update. Programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta viendeshi vyote kwa mbofyo mmoja ziepukwe. Baadhi huleta kiendeshi cha mashine nyingine, na baadhi huja na matangazo au virusi, na mtumiaji aliyetaka kuponya sauti huishia kupoteza nywila zake.

Kama kasoro ilianza baada ya kiendeshi kipya kuingia, kilichotangulia kinaweza kurudishwa. Katika "Device Manager", chini ya vifaa vya sauti, kila kifaa kina ukurasa wa kiendeshi wenye kitufe cha "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa hakibonyezeki, maana yake hakuna kiendeshi cha awali kilichohifadhiwa. Njia nyingine ni kuchagua kwa mkono kiendeshi cha jumla kiitwacho "High Definition Audio Device". Mapambo ya sauti yatapotea, lakini mara nyingi mikwaruzo hupotea pamoja nayo, na kwa kompyuta ya ofisi hiyo si hasara.

Mkwaruzo unaosalia baada ya yote hayo unahitaji kutafutiwa mhusika. Ipo programu iitwayo LatencyMon, ya kampuni ya Resplendence, ambayo huachwa ifanye kazi wakati wimbo unachezwa, kisha huonesha ni kiendeshi kipi kinachomshika kichakataji kwa muda mrefu. Jina linalojitokeza huweza kuwa la Wi-Fi, la kadi ya picha au la betri. Fundi anayeijua programu hii hahitaji kubahatisha, na mwananchi ana haki ya kumwuliza fundi wake ameona jina gani kabla ya kukubali kulipia kifaa kipya.

Kuhusu BIOS tahadhari inahitajika. Kuisasisha ni kazi ya dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati yake ubao mama unaweza kufa kabisa. Kompyuta ya mpakato iwe na betri iliyojaa na waya wa chaji umechomekwa; ya mezani iwe kwenye UPS. Aidha, kompyuta ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker huweza kudai ufunguo wa kurejesha baada ya BIOS au TPM kuguswa. Asiye na ufunguo huo hatafungua nyaraka zake tena. Utafutwe na uandikwe mahali pengine kabla ya kazi kuanza.

Kompyuta inayomsomea asiyeona

Wapo wanafunzi na watumishi wasioona wanaofanya kazi kwa kisoma skrini. Kinachotumika sana kwa sababu hakiuzwi ni NVDA, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na kuendelezwa pamoja na James Teh, Waaustralia wawili wasioona. Programu hii husoma menyu, barua, mtihani na ujumbe wa makosa. Kwa mtumiaji wa namna hii utaratibu wote ulioelezwa hapo juu una kasoro moja kubwa: unadai aone skrini ili airudishe sauti, na yeye anahitaji sauti ili ajue skrini inasema nini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya elimu na ya kupata habari, lakini haki hiyo katika chumba cha kompyuta inategemea kiendeshi cha sauti kilicho kizima.

Kwa sababu hiyo kompyuta ya asiyeona isipandishwe mfumo katika juma la mitihani, wala akiwa peke yake. Wakati wa upandishaji kuna kipindi kirefu ambapo kompyuta hujiwasha upya mara kadhaa na kisoma skrini hakisemi lolote, hata pale ambapo hakuna tatizo. Katika mashine yenye diski ya kizamani kipindi hicho huweza kuzidi saa moja. Asiyejua hilo ataizima kompyuta katikati akidhani imekwama, na hapo ndipo uharibifu wa kweli utakapotokea. Mwenye macho akae karibu amweleze skrini inasema nini.

Awe pia na kifaa cha akiba. Vipo vifaa vidogo vya sauti vya USB vya bei ya chini, vyenye tundu la hedifoni, ambavyo vikichomekwa huwa kadi ya sauti ya pili kwa kiendeshi cha Windows yenyewe. Kadi ya ndani ikinyamaza, kifaa hicho mara nyingi huongea. Kijaribiwe kabla ya siku ya kupandisha mfumo. NVDA ikikosa kuitika baada ya hapo, vitufe vya Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja huamsha kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kiitwacho Narrator. Kikisema, basi sauti ipo na tatizo ni la NVDA. Kikinyamaza nacho, tatizo ni la kiendeshi au la mahali sauti ilikoelekezwa. Mwalimu wa chumba cha kompyuta aujue mtihani huu mdogo hata kama yeye mwenyewe anaona.

Kabla ya "kupiga Windows"

Mtaani dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta ni "kupiga Windows", yaani kufuta diski na kusimika mfumo upya. Kwa kasoro ya sauti dawa hii ni kali kupita ugonjwa. Hufuta picha za familia, hesabu za duka na kazi za wanafunzi ambazo hazikuwekewa nakala rudufu, na baada ya hapo mara nyingi kiendeshi kilekile cha jumla hurudi na mkwaruzo wake. Nakala za mfumo zisizo halali, zinazosambazwa kwa flashi kutoka duka hadi duka, huongeza hatari nyingine, kwa kuwa mwenye kompyuta hajui ni nini kingine kimepachikwa ndani yake.

Kuna njia ya kurudi ambayo wengi hawaifahamu hadi muda wake unapopita. Kwa siku 10 baada ya kupandishwa, Windows 11 huutunza mfumo wa awali katika folda iitwayo Windows.old, na mtumiaji anaweza kuurudisha kupitia mipangilio, katika sehemu ya "Recovery", bila kupoteza nyaraka zake binafsi. Siku hizo zikiisha folda hufutwa. Programu za kusafisha diski nazo huweza kuifuta mapema, na ndiyo maana juma la kwanza si wakati wa kusafisha chochote. Ni wakati wa kujaribu: kucheza wimbo kwa dakika kumi, kurekodi sauti na kuisikiliza, kupiga simu ya video, kuunganisha hedifoni, kuchomoa chaji na kusikiliza tena. Kasoro itakayojitokeza siku ya tatu bado ina tiba rahisi. Itakayogunduliwa siku ya kumi na moja itahitaji fundi.

Kompyuta ambazo hazikidhi masharti ya Windows 11, nyingi zikiwa zenye vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, zisilazimishwe kwa sababu tu jirani amehama. Viendeshi vyake vya sauti viliandikiwa mifumo ya zamani na hakuna anayeviandika upya. Microsoft imeweka mpango wa marekebisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kujiandikisha hufanyika ndani ya Windows Update. Kwa kompyuta nzima ya umri huo, mpango huo unampa mwenye nayo muda wa kupanga bajeti.

Katika ofisi za umma, ikiwemo ya Mtendaji wa Kata, upandishaji wa mfumo ufanywe kwa kushirikiana na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, na mtumishi asisimike kiendeshi wala programu kwa hiari yake. Kwa vikao vinavyorekodiwa, kompyuta iliyohamishwa karibuni isiachiwe kazi peke yake: simu ya mkononi iwekwe mezani irekodi sambamba, na katibu azisikilize rekodi zote mbili siku hiyohiyo, kabla wajumbe hawajasahau kilichosemwa.